Taa ya Mvuvi
Kwetu Ryansoro hakuna ziwa. Ndagala hutufikia sokoni wakiwa wakavu. Wavuvi wa Tanganyika huwavua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili wengi hubaki nchi kavu, kwani taa haishindani nayo. Ndagala hufuata mwanga, mukeke huwafuata ndagala ili awale, na wote huishia wavuni.

Uvuvi huo ni halali (Al-Maida 96). Ninayemfikiria ni mukeke, ambaye hata taa hakuitamani. Chuoni wapo walioingia kwenye kubeti hivyo hivyo, nyuma ya rafiki, wakiwa na pesa ya ada mfukoni. Ikiwa unalala chumba kimoja na mmoja wao, zungumza naye leo kabla ya Isha.