Mkono Ambao Chombo Hakikuutarajia

Kiswahili kina majina kadhaa ya mikono miwili ya binadamu, na majina hayo hayakugawa heshima kwa usawa. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lake jingine ni mkono wa kuume, na mwenzake akaitwa mkono wa kike. Neno yamini, lililotoka katika Kiarabu, limebeba maana ya upande wa kulia na maana ya kiapo kwa pamoja. Atakaye kuaminiwa hula yamini. Kushoto hakukuachiwa kiapo wala sahani. Mtoto mwenye shoto katika nyumba nyingi za pwani hujifunza mapema kwamba mkono wake mwepesi haupokei kitu kwa mkubwa, wala hautii tonge kinywani. Hujifunza, akazoea, na mambo yakaishia hapo, kwa maana mtu anayekula kwa mkono ulio mzito hamdhuru jirani yake.

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo ndani yake wepesi wa mkono unapita mipaka ya adabu ya mezani. Bastola ni mojawapo. Nchini Uingereza suala hili limefungwa karibu lote tangu sheria za mwaka 1997, zilizofuata mauaji ya watoto wa shule kule Dunblane mwaka 1996. Nchini Marekani liko wazi. Huko hata mhamiaji asiye raia, maadamu ana ukaazi wa kudumu na hana kizuizi kingine cha kisheria, anaweza kununua silaha, na msemaji wa Kiswahili anaweza kujikuta mbele ya kabati la kioo la duka la bastola, ama kwa hiari yake, ama kwa kuwa kazi ya ulinzi wa usiku imemtaka. Iwapo ana shoto, atauliza ni bastola ipi itakayomfaa. Swali hilo lina sura ya ufundi mtupu. Lakini ndani yake limo swali la haki: chombo kinapotengenezwa kwa mkono wa walio wengi, ni nani alipe gharama ya tofauti, na je, gharama hiyo humwangukia mlipaji peke yake?

Ni vyema kwanza chombo chenyewe kieleweke. Bastola ya nusu-otomatiki hutumia nguvu ya risasi iliyopigwa kulisukuma nyuma bamba la juu, kulitupa nje ganda tupu, na kuingiza risasi nyingine kutoka katika magazini iliyomo ndani ya mpini. Mpigaji huihudumia mashine hiyo kwa vidude vitatu: kitufe cha kuiachia magazini, wenzo wa kulizuia na kuliachia bamba, na, katika bastola nyingi, wenzo mdogo wa usalama. Katika bastola iliyobuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, vidude vyote vitatu viko upande wa kushoto wa silaha. Sababu yake ni rahisi. Mkono wa kulia unapoushika mpini, kidole gumba hulala upande huo huo, na vyote hufikiwa bila mkono kubadili mshiko. Mkono wa kushoto unapoushika mpini uleule, gumba hulala upande wa pili, juu ya chuma kitupu.

Browning hakuwa na chuki na mtu. Watu wenye shoto ni takriban mmoja katika kila 10, naye alichora kwa ajili ya wale tisa, kama walivyofanya watengenezaji wa mikasi na wa madawati ya vyuo. Ndiyo sababu dhuluma ya namna hii ni ngumu kuishtaki: haina mwenye nia. Kinachoitofautisha bastola na mkasi ni mahali yanapoangukia madhara. Mwenye shoto aliyepewa mkasi wa mkono wa kulia hukata nguo vibaya, basi. Aliyepewa bastola ambayo wenzo wake wa usalama haufikiwi na gumba lake hana budi kulegeza mshiko, au kuomba msaada wa mkono wa pili, kila anapotaka kuufungua au kuufunga. Baada ya wiki chache hushawishika kuuacha wazi moja kwa moja. Tangu siku hiyo, hatari aliyoikubali kwa ajili ya wepesi wake ni hatari ya mtoto aliye chumba cha pili na ya mpita njia asiyejua lolote. Vivyo hivyo mlinzi aliyekabidhiwa mfuko wa bastola wa kuvaliwa kiunoni upande wa kulia. Ama aivute silaha kwa mkono asioutawala, ama aupindishe mwili ili mkono wa kushoto uifikie, na mtutu upite mbele ya watu wasiohusika. Gharama ya kutosahauliwa ingekuwa ndogo; gharama ya kusahauliwa hulipwa na wasiokuwapo wakati wa kununua.

Kwa tatizo hili yametolewa majibu matatu, na kila moja lina falsafa yake.

Jibu la kwanza ni kuubadili mkono. Mfano wake ulio wazi ni bunduki ya jeshi la Uingereza ya L85, iliyoanza kutumika mwaka 1985. Mtambo wake umewekwa nyuma ya kifyatulio, karibu na shavu la mpigaji, na maganda hutoka upande wa kulia. Akiiweka begani kushoto, ganda humrukia usoni. Basi askari wote, wenye shoto wakiwamo, hufundishwa kuipiga kutoka bega la kulia. Hoja ya jeshi haipaswi kudharauliwa: vitani silaha hubadilishana mikono, na silaha ya mfu huokotwa na aliye hai. Lakini Wafaransa wa zama hizohizo walikuwa na bunduki yao ya FAMAS, yenye mpangilio kama huo, na wao waliiunda ili upande wa kutokea maganda uweze kugeuzwa kwa kubadilisha sehemu chache. Kilichoitwa lazima upande mmoja wa bahari kilikuwa uamuzi tu upande wa pili.

Wanaotetea jibu hili wanaweza kumwita Plato awe shahidi. Katika kitabu cha saba cha Sheria, mzee wa Athens anadai kwamba kwa maumbile mikono miwili inakaribia kulingana, na kwamba ni upumbavu wa walezi na akina mama uliowafanya watu kuwa viwete wa mkono mmoja. Anawataja Waskithi, waliotumia upinde kwa mikono yote miwili, na anataka vijana wazoezwe hivyo katika silaha. Karne nyingi baadaye, mwaka 1909, Mfaransa Robert Hertz aliandika insha maarufu akionesha jinsi jamii inavyoichukua tofauti ndogo ya kimwili na kuijengea mfumo mzima wa utakatifu na unajisi. Wote wawili wanakubaliana kwamba desturi ina mkono wake katika mikono. Hata hivyo Plato, akisikilizwa hadi mwisho, hawasaidii waliomwita. Yeye aliwataka wote wajifunze mikono yote miwili, na mzigo wa mazoezi ukawa wa mji mzima. Anayemtaka mwenye shoto peke yake abadilike amechukua nusu ya hoja ya Plato, nayo ni ile nusu isiyomgharimu yeye chochote.

Jibu la pili ni kumtengenezea mwenye shoto chombo chake. Kampuni ya Cabot ya Pennsylvania imeunda bastola ya muundo wa 1911 iliyogeuzwa yote, kama inavyoonekana kwenye kioo: vidude upande wa kulia, na maganda yakitokea kushoto. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na bei yake ni ya vitu vya anasa. Hapo udhaifu wa jibu hili unajionesha. Kinachoitwa haki kimekuwa bidhaa ya mwenye fedha, na mlinzi wa zamu ya usiku hatainunua. Tena chombo hicho humtenga: mwenzake wa kulia akilazimika kukishika, yeye ndiye atakayepapasa chuma kitupu.

Jibu la tatu ni chombo kisichouliza. Bastola iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 2017, ile ya M17, ina wenzo wa usalama pande zote mbili. Kampuni ya Glock ilianza mwaka 2010, katika toleo lake la nne, kuweka kitufe cha magazini kinachoweza kuhamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwaka 2017, katika toleo la tano, ikaweka wenzo wa bamba pande zote mbili. Kati ya kuhamishwa na kuwapo pande zote mbili kuna umbali wa kimaadili ambao muuzaji hautaji. Kitufe kinachohamishwa bado kinataka mtu mmoja achaguliwe. Nyumbani ambamo mume ana shoto na mke hana, mmoja wao atabaki mgeni. Kilichopo pande zote hakimbagui yeyote, lakini nacho kina bei yake: wenzo wa usalama ulio upande wa nje wa mwili huweza kusukumwa na mkanda wa gari au koti bila mwenyewe kujua. Usawa huongeza vitu vya kuangaliwa, na anayeutaka hana budi kuukubali uangalifu huo.

Kuna wenye shoto watakaosema kwamba hayo yote ni malalamiko. Wengi wao wamejifunza kubonyeza kitufe cha magazini kwa kidole cha shahada au cha kati, na baadhi hudai kwamba wao ni wepesi kuliko wenye kulia. Madai hayo yanaweza kuwa kweli, na umahiri huo unastahili heshima. Haufuatii kutoka hapo kwamba mtengenezaji amesamehewa. Aliyejifunza kupanda ngazi kwa mguu mmoja ameonesha uwezo wake. Hajaonesha kwamba ngazi ilijengwa vizuri. Isitoshe, kidole cha shahada hakiwezi kuufanyia kazi wenzo wa usalama ulio nyuma ya mpini. Umahiri unafidia pale ambapo kuchelewa ndiyo hasara. Pale ambapo hasara ni ajali, haufidii.

Hata hivyo hoja ya haki, ikiachwa iende yenyewe, humfikisha mwenye shoto mahali pa hatari. Amekuwa akipigana na ugumu maisha yake yote, na ni rahisi aamini kwamba kila ugumu ni adui. Glock ya kawaida haina wenzo wa usalama wa gumba. Vizuizi vyake vimo ndani na katika kifyatulio chenyewe. Ndiyo maana wenye shoto wengi huipenda. Mikono miwili imesawazishwa kwa kuondolewa kile ambacho mmoja haukukifikia. Huo ni usawa, lakini ni usawa uliopatikana kwa kupunguza hatua moja kati ya nia na risasi, na nidhamu ya kidole imebaki kuwa mlinzi peke yake. Anayeichagua kwa sababu inaufaa mkono wake anapaswa kujua kwamba amefanya maamuzi mawili kwa mpigo, na kwamba la pili halihusu shoto hata kidogo.

Ugumu ni wa aina mbili. Uko ule unaomwangukia mtu kwa sababu ya alivyoumbwa, na huo ni haki uondolewe. Uko ule unaomwangukia kila mtu kwa sababu ya kile alichokishika. Sanduku lenye kufuli, risasi zilizohifadhiwa mbali na bastola, wenzo unaotaka kufunguliwa kwa makusudi: hivi havimtambui mwenye kulia wala mwenye shoto. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua wenyewe. Kwa hiyo mkono ambao bastola iliyo nyumbani inapaswa kuwa ngumu kwake ni, mara nyingi zaidi, mkono wa mwenye bastola au wa mtu wake wa karibu, katika usiku mmoja mbaya. Dakika chache za kutafuta ufunguo zinaweza kuwa ndizo zilizobaki kumwokoa.

Kitabu cha Waamuzi kinasimulia habari za Ehudi, mtu wa shoto wa kabila la Benyamini, aliyejifanyia upanga wenye makali kuwili, akaufunga pajani upande wa kulia, akamwua Egloni mfalme wa Moabu chumbani mwake. Ni mfano wa kale wa silaha iliyolingana barabara na mkono wa kushoto. Msomaji anaweza kumwona Ehudi kuwa mkombozi au mwuaji wa hila, kulingana na anapomweka Egloni. Upanga wenyewe haumsaidii kuamua. Kulingana kwa silaha na mkono huifikisha nia haraka. Nia inabaki kuhukumiwa peke yake.

Kwa hiyo mwenye shoto aliyesimama mbele ya kabati la kioo ana maswali yenye mpangilio. La kwanza ni kama anaihitaji silaha, na nani mwingine analala katika nyumba itakamowekwa. La pili ni wapi itafungiwa. Mkono unakuja wa tatu, na ukifika unastahili kudai kila kitu: mfuko wa upande wake, vidude vinavyofikiwa bila kulegeza mshiko, na muuzaji asiyemwambia kwamba atazoea. Muuzaji atamwonesha jinsi wenzo wa usalama unavyofunguka upesi. Yeye, akiwa ameihakikisha bastola kuwa tupu na mtutu wake ukielekea pasipo na mtu, aishike kwa mkono wa kushoto, ajaribu kuurudisha wenzo huo mahali pake kwa gumba lake mwenyewe, na arudie mara kadhaa kabla ya kuuliza bei.