Chombo Kinachojibu



Vijana wetu hapa Mpanda wanaosomea ufundi wa elektroniki za ndege hutuuliza: je, kuifanya kazi hiyo jeshini ni dhambi?

Tutafakari pamoja. Rada iliyo chini huuliza kwa mawimbi. Chombo kilichomo ndani ya ndege hujibu kwa namba yake. Fundi ndiye mlinzi wa jibu hilo, liwe la kweli. Adamu alipoitwa bustanini alijificha, Samweli aliitika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28 hivi. Rada iliona ndege mawinguni, lakini hesabu za biashara ile hazikuonekana vema. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu. Mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zililipwa kwa faida ya Watanzania, kwa vitabu na madawati ya shule za msingi.

Sisi tuliofundisha watoto walioketi sakafuni twaujua uzito wa dawati moja.

Basi, kijana, ufundi si dhambi. Shika bisibisi yako kwa uaminifu. Na ukiona hesabu imepinda, usinyamaze. Bwana aulizapo, uitike. Amina.