Anayetazama na Anayevua

Mpaka kati ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite na eneo la akiba la Mpunguti hauonekani kwa macho. Maji ni yale yale, na visiwa vyenyewe, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyochomoza baharini. Lakini tangu 1978 sheria imeweka tofauti kubwa. Upande wa Kisite, kilomita za mraba 28, haruhusiwi mtu kuvua hata dagaa. Upande wa Mpunguti, kilomita za mraba 11, mvuvi wa Wasini au Shimoni anaweza kutupa mshipi na kutega dema. Mimi, mwenye mtungi wa hewa mgongoni na risiti ya kiingilio, nazamia Kisite bila kuulizwa. Nimepewa ruhusa hiyo kwa sababu gani, naye akanyimwa?

Wapiga mbizi tuna jibu letu: sisi hatuchukui kitu. Tunatazama tu.

Na yapo ya kutazama. Ukifika meta kumi, rangi nyekundu imeshamezwa na maji, na kila pumzi inakula hewa maradufu ya ile ya juu. Masikio huamka kabla ya macho: kru, kru, kru, ni pono wanaukwangua mwamba kwa midomo yao, na baadaye unawaona wakiacha nyuma yao wingu la mchanga mweupe, jiwe lililosagwa tumboni. Mkunga ametoa kichwa pangoni, anafungua na kufunga mdomo. Mgeni hudhani anatisha, kumbe anapumua. Kasa hapigi haraka. Kikande mkubwa anayelinda mayai yake atakufukuza hata kama umelipa kiingilio cha juu kabisa, na mimi humheshimu kwa hilo.

Usiku pono hulala. Wengine hujifunika utando wa ute, kama chandarua, wakatulia katika nyufa za mwamba kiasi kwamba unaweza kuwakaribia kwa tochi wasishtuke. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeshaambiwa. Kila mtoto wa Kiswahili aliyechelewa kuamka amewahi kuambiwa ana usingizi wa pono. Aliyeubuni msemo huo hakuwa na mtungi wala cheti cha kupiga mbizi. Nadhani alikuwa mvuvi, aliyewatazama samaki hawa usiku baada ya usiku, akajua tabia yao, kisha akaenda kumpika mmoja wao. Kwa hiyo kutazama hakukuanza na sisi. Tofauti ni kwamba kutazama kwake kuliishia chunguni.

Je, ni kweli kwamba kwetu hakuishii popote? Pezi la mpiga mbizi asiyejua kuelea huvunja kwa teke moja tawi la tumbawe lililochukua miaka kukua. Hilo ni dogo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, ndani ya hifadhi na nje yake. El Niño ilikuwa imepanda juu ya bahari ambayo tayari inapashwa na moshi wa dunia. Katika moshi huo dema la fito halimo. Ndege inayomleta mgeni kuja kutazama imo.

Hata hivyo sitaki mpaka ule ufutwe. Mvuvi naye si malaika, na kokoro halichagui. Kikande akivuliwa akaisha, wale wa miiba mirefu myeusi ambao baadhi yetu huwaita shokishoki wa baharini hukosa wa kuwala, huongezeka, na huutafuna mwamba hadi ukabaki kifusi. Watafiti wameliona hilo katika miamba ya Kenya kwa miaka mingi. Lazima pawe na mahali pa kusema hapana.

Linalonisumbua ni nani anayesema hapana hiyo, na nani anailipia. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga hekta 30 mwaka 2005, wakapaita tengefu, wakaacha kuvua humo. Njaa ya miezi ya mwanzo ilikuwa yao, lakini na uamuzi ulikuwa wao. Mtu aliyejinyima samaki wake simwoni sawa na mtu aliyeamka akakuta samaki wake wamegeuzwa maonyesho, hata kama mwamba unanufaika kwa njia zote mbili. Samaki hawaoni tofauti hiyo. Mimi naiona, kwa kuwa ni mimi ninayeonyeshwa.

Safari yangu ya mwisho Kisite, nahodha alikuwa mzee wa Wasini. Nilipopanda chomboni nilianza kumweleza rangi nilizoziona. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Changu je, mwanangu? Wapo?"

"Wapo, mzee. Wengi."

"Wakubwa?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaitazama ile nafasi kati ya viganja vyangu muda mrefu kuliko alivyonitazama usoni.

"Na walikuwa wanaelekea wapi?"

Nikafikiri kidogo, nikanyoosha mkono upande wa Mpunguti. Akaitikia kwa kichwa, akawasha mashine.