Aliyeshindwa kwa Kura Chache: Anyamaze au Adai?



Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Neno hili ni jema, nasi twawafundisha watoto shuleni wanapocheza mpira. Lakini twalisikia likitumiwa na mahali pengine. Mtu amesimama katika kura ya mchujo, yaani kura ambayo wanachama humchagua mmoja wao atakayekisimamia chama katika uchaguzi mkubwa. Ameshindwa kwa kura chache mno. Akisema, "Naomba hesabu itazamwe tena," mara watu humtupia methali hiyo, wakamwita mroho wa cheo na mvunja amani. Basi na tuulizane: Je, mtu huyo amekosa? Yampasa Mkristo kunyamaza kwa ajili ya amani, au ana ruhusa ya kudai?

Kwanza tufahamu kura ni mali ya nani. Wengi hudhani ya kuwa ni mali ya mgombea, kama mbuzi walivyo mali ya mchungaji wao. Sivyo. Kura ni neno la mtu aliyeipiga. Mama aliyeacha shamba lake asubuhi, akasimama juani, akatia karatasi yake sandukuni, huyo amenena neno. Neno lile likitupwa au likigeuzwa, aliyeibiwa kwanza ni yeye. Mgombea aweza kusamehe lililo lake mwenyewe, na ni vema asamehe. Lakini awezaje kusamehe kwa niaba ya maelfu ya watu ambao hawakumtuma kusamehe?

Hebu tutazame jambo lililotokea Marekani mwaka 1948, katika jimbo la Texas. Chama cha Democratic kilikuwa kikitafuta mtu wa kusimama kwa kiti cha Seneti, na siku zile katika Texas aliyeshinda mchujo wa chama hicho alikuwa kama amekwisha kushinda uchaguzi wenyewe. Walioshindana mwisho walikuwa wawili, Coke Stevenson, aliyekuwa gavana zamani, na Lyndon Johnson. Kura zilipigwa tarehe 28 Agosti. Hesabu ilipokuwa ikiendelea, Stevenson alionekana kuwa mbele kidogo. Siku ya sita ikaja habari kutoka mji mdogo uitwao Alice, ya kuwa katika sanduku la 13 kura za Johnson si 765 bali ni 965. Tarakimu moja tu, 7 kugeuka kuwa 9! Hesabu ilipofungwa Johnson alikuwa ameshinda kwa kura 87, na kura zote zilikuwa karibu 988,000.

Stevenson hakunyamaza. Watu wake walipoiona orodha ya sanduku lile walisema ya kuwa majina 200 na zaidi ya mwisho yameandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, yakifuatana kwa taratibu ya alfabeti. Mwalimu ye yote ajua ya kuwa hata watoto hawaingii darasani kwa kufuata alfabeti. Sembuse watu wazima kwenda kupiga kura. Basi akaipeleka daawa yake kwa halmashauri ya chama. Wajumbe 29 wakamkubali Johnson, 28 wakakataa. Akaenda mahakamani. Jaji akaamuru mambo yachunguzwe, na masanduku yakaanza kufunguliwa. Ndipo Hugo Black, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akaisimamisha amri ile, nao uchunguzi ukaishia hapo.

Johnson akawa Seneta, na mwaka 1963 akawa Rais. Mwaka 1977 Luis Salas, aliyekuwa msimamizi wa sanduku lile, aliwaambia waandishi wa habari ya kuwa kura zile zilikuwa za uongo, naye ndiye aliyezithibitisha. Lakini Johnson alikuwa amekufa mwaka 1973, na Stevenson mwaka 1975. Jibu lilikuja baada ya miaka 29, nao wenye kesi wote wawili wamo kaburini.

Hapo mwingine ataniambia: "Mwalimu, Johnson siye aliyetia sahihi sheria ya mwaka 1965, iliyowalinda watu weusi wa Marekani wapate kupiga kura? Na Stevenson, hakuwa mtu wa kutaka weusi na weupe watengwe? Si afadhali alivyoshindwa?" Yote mawili ni kweli. Lakini mizani ya sokoni haiulizi tabia ya mnunuzi. Mwivi akija kununua mahindi kwa fedha halali, hapunjwi kwa sababu ni mwivi. Akipunjwa, mizani imeharibika, na kesho atapunjwa mjane. Tena aliyeandika majina yale usiku hakuwa na habari ya sheria ya mwaka 1965. Mungu aweza kutoa jema katika baya, lakini sisi hatukupewa ruhusa ya kupanda baya tukisema ya kuwa Yeye atavuna jema.

Basi je, kila aliyeshindwa na apige kelele? La, hasha. Kuna kudai kwa namna mbili. Mtoto mmoja humletea mwalimu daftari lake akasema, "Tafadhali, itazame hesabu hii ya nne." Mwingine husema, "Mwalimu ananichukia." Wa kwanza ameuliza swali, naye yu tayari kupokea jibu. Wa pili hakuuliza neno. Amekwisha kujijibu moyoni mwake, wala hesabu haina kazi kwake tena.

Tazama mfano wa kuuliza. Mwaka 2024, katika jimbo la Virginia huko huko Marekani, mbunge Bob Good alishindwa na John McGuire katika mchujo wa chama cha Republican kwa kura 374, kati ya kura zaidi ya 62,000. Sheria ya Virginia yampa ruhusa aliyeshindwa kwa tofauti ndogo kutaka hesabu ya pili. Lakini tofauti ikizidi nusu ya moja katika mia, gharama ni juu yake akishindwa tena. Kura zikahesabiwa tena mwezi wa Agosti, na McGuire akabaki mshindi. Hakuna aliyedhulumiwa kwa hesabu ile. Aliyeshinda kwa haki hapunguziwi kitu na hesabu ya pili. Bali huongezewa heshima.

Kwetu Afrika ya Mashariki pia mlango upo. Kenya, kwa sheria ya vyama ya mwaka 2011, iliweka baraza la kuamua magomvi ya vyama vya siasa, na magomvi ya mchujo hupelekwa huko. Ila mlalamikaji hutakiwa kujaribu kwanza kupatana ndani ya chama chake. Neno hili si geni kwa wasomaji wa Injili, maana Bwana wetu alifundisha ya kuwa ndugu aliyekosewa amwendee kwanza ndugu yake, kabla ya kulipeleka jambo mbele ya kanisa.

Nanyi wasomaji mnaochagua wazee wa kanisa na makarani wa ushirika, ndugu akija kwa upole kusema, "Tuhesabu tena," msimzibe kinywa kwa methali. Leteni sanduku, hesabuni mbele ya watu. Naye jibu likiisha kutolewa, ampe mwenzake mkono, arudi kazini kwake. Hapo ndipo methali ya wahenga ina mahali pake: asiyekubali kushindwa baada ya hesabu ya haki, huyo kweli si mshindani. Lakini amani inayofunika wizi si amani. Ni donda lililofunikwa kwa kitambaa safi. Mungu atujalie vinywa vya kuuliza, na mioyo ya kupokea jibu.