Msitu uliokatwa vipande: nani amedhulumiwa?

Ndugu msomaji, mwanafunzi wangu mmoja hapa Moshi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Ustadh, mtu akifyeka njia katikati ya msitu, miti mingine akaiacha imesimama, na ndege hata mmoja hakumuua, amemdhulumu nani?"

Tuanze na msitu wenyewe. Miti mingi ya milimani kwetu huzaa matunda, na hondohondo, kima na popo huyala, kisha wakadondosha mbegu mbali na mti mama. Ndivyo Muumba alivyopanga: mnyama anapata riziki, mti unapata mrithi. Msitu ukikatwa vipande, ndege wengi wa msituni hawathubutu kuvuka mahali palipo wazi. Matunda huanguka chini ya mama yake, na miche mingi hufia pale pale kwa kubanana, wadudu na maradhi.

Hili si la kudhania. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha matokeo ya kazi yao Usambara Mashariki, ambako mashamba ya chai yameugawa msitu. Waliufuatilia mti uitwao Leptonychia usambarensis. Katika vipande vidogo, ndege waliofika kula walikuwa wachache, mbegu nyingi zilibaki chini ya mti, na miche iliyoota mbali na mama ilikuwa michache. Yaani mti umesimama, una majani na matunda, lakini hauna mrithi.

Na hapa kwetu? Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulionesha maelfu ya miti ya asili iliyokatwa Kilimanjaro, mikulo ikiwamo. Mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Lakini huku chini, msitu wa Rau umezungukwa na mashamba ya mpunga na nyumba zetu.

Jibu nimelipata katika somo la mirathi. Sheria haimruhusu mtu kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, ingawa ni yake, ili warithi wasiachwe mafukara. Hata mtoto aliye tumboni hutengewa fungu lake. Ikiwa mwenye mali amewekewa mpaka kwa ajili ya asiyezaliwa, itakuwaje kwetu tuliopewa mlima huu kama amana tu? Aliyefyeka njia hakuua ndege, ni kweli. Amekata urithi.

Wapo watakaosema: binadamu kwanza, maskini apikie nini? Hoja hiyo ina uzito, na dharura ina hukumu yake. Lakini je, kila shoka linakwenda kutafuta kuni? Mimi mwenyewe niliwahi kununua kabati la mkulo mjini bila kuuliza mbao zilitoka wapi. Sikuuliza kwa sababu bei ilinipendeza. Asiyeuliza kwa makusudi ana udhuru gani?

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba anayepanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ikiwa kumlisha ndege kunaandikwa, nahofia kwamba kumnyima nako kunaandikwa.

Basi tukifika kwa fundi, tuulize kwanza kibali cha mbao, halafu ndipo tuulize bei.

Wallahu a'alam.