Saa Sita za Mwisho

Vita Kuu ya Kwanza ilikomeshwa kwa kalamu. Alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, yapata saa kumi na moja na robo, wajumbe wa Ujerumani walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita ndani ya behewa la gari la moshi, katika msitu wa Compiègne, Ufaransa. Lakini mapatano yenyewe yaliamuru mizinga inyamaze saa tano asubuhi. Kati ya sahihi na saa hiyo palikuwa na muda wa karibu saa sita, na katika siku hiyo moja watu zaidi ya 2,000 waliuawa. Je, msomaji, mtu aliyeua katika saa hizo aliua vitani, au aliua tu?

Yuko atakayejibu upesi kwamba vita ni vita mpaka saa iliyowekwa ipige. Jibu hilo si la kipuuzi. Habari zilihitaji muda kuwafikia askari waliotapakaa katika mahandaki ya mamia ya maili, na jeshi litakaloacha kupigana kabla adui hajapata habari litachinjwa. Tena kusimamisha vita si amani. Ni pumzi tu. Mkataba wa Versailles haukutiwa sahihi ila tarehe 28 Juni 1919, na Jemadari Foch alikuwa amekataa kunyamazisha mizinga wakati wa mashauri, asije akampa adui nafasi ya kujikusanya.

Haya yote nayakubali. Walakini yanampa askari ruhusa ya kujilinda; hayampi ruhusa ya kushambulia. Mapatano yaliwataka Wajerumani waihame Ufaransa na Ubelgiji ndani ya siku 15. Kwa hiyo mji wa Stenay, uliotwaliwa na Wamarekani asubuhi ile ile, ungaliachwa wazi bila risasi hata moja. Jemadari wao alieleza kuwa askari wake walihitaji mahali pa kuoga. Maji ya kuoga! Watu walikufa kwa kitu ambacho wangalikipata kwa kungoja majuma mawili.

Kisa cha Henry Gunther kinanitatiza zaidi. Askari huyu wa Kimarekani alizikimbilia bombomu za Wajerumani dakika moja kabla ya saa tano. Wajerumani, waliokwisha kujua, walimpungia mikono arudi, hakurudi, wakampiga. Alikuwa amevuliwa cheo, na yamkini alitaka kulirudisha jina lake. Wale waliompiga siwezi kuwaita wauaji, wala yeye siwezi kumwita shujaa.

Huku Afrika mambo yalikuwa mengine. Jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilikuwa karibu na Kasama, katika nchi iitwayo sasa Zambia, na mapigano yake na askari wa King's African Rifles yaliendelea baada ya tarehe 11, maana habari haikuwa imefika. Aliyepiga risasi huko aliamini kwa kweli kwamba vita vipo. Mimi siwezi kumhukumu pamoja na mtu wa Stenay, ingawa kwa yule aliyekufa tofauti hiyo si kitu. Silaha zilisalimishwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Na mpagazi, ambaye hakuulizwa neno vita vilipoanza, alikuwa bado njiani na mzigo wa risasi kichwani, akiupeleka kwenye vita visivyokuwapo tena.