Moto wa Wenyeji

Somo: Matendo ya Mitume 27:1 – 28:10



Tangu turudi kutoka Kisarawe kuna maneno yanayozunguka hapa Kibaha ambayo mchungaji hawezi kuyanyamazia. Wapo wanaosema safari ile ilikuwa na mkosi. Wapo wanaosema maombi hayakutosha. Na wapo, hawa ndio walioniumiza zaidi, wanaomtaja kwa kunong'ona mama yetu aliyeugua njiani, kwamba ndiye aliyetuharibia siku.

Tulikwenda kuona kazi ya mikono ya Mungu. Kibaha na Kisarawe ni majirani ndani ya mkoa mmoja wa Pwani, lakini wengi wetu tunaijua barabara ya Morogoro kuliko vilima vya Pugu. Tulitaka vijana watembee katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, waitazame Dar es Salaam kwa mbali kutoka juu, kisha wangoje magharibi, popo wanapotoka kwa makundi kwenye mapango yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo mweupe wa kaolini.

Mvua ya vuli ikatuwahi. Basi likazama kwenye tope la njia ya ndani, na gari lililobeba chakula likakwama nyuma yetu. Saa saba ikapita, saa nane nayo ikapita. Mama akaanza kutokwa na jasho jingi ilhali sisi wengine tunatetemeka kwa baridi. Mikono ikawa inamcheza, maneno yakawa hayaeleweki. Vijana wawili watatu wakasimama wakaanza kukemea pepo. Muuguzi aliyekuwa nasi akawatuliza, akauliza neno moja tu: "Amekula?" Mama ana kisukari. Asubuhi alijidunga insulini akitegemea chakula cha mchana, chakula hakikufika, sukari ikashuka. Pepo hapakuwa.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya mzee mmoja wa Kizaramo na mkewe, Waislamu. Hawakutuuliza sisi ni akina nani, ingawa fulana zetu za kwaya zilijieleza. Bibi alichochea moto, akabandika sufuria, akatoa khanga zake kavu akawafunika watoto wetu. Chai ya rangi ilipochemka akaitia sukari nyingi kama muuguzi alivyomwomba. Kwa kuwa mama alikuwa bado na fahamu za kumeza, akanyweshwa kidogo kidogo. (Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, huyo ni wa kukimbizwa hospitali.) Haukupita muda mrefu, akatutazama na kuuliza tuko wapi. Mzee naye alikuwa ameshatoka kwenye mvua kuwaita vijana wa kijijini waje na majembe kulikwamua basi. Tulipotaka kumwachia chochote alikataa. "Mchungaji, kwani nyie ni wageni wa kulipishwa?"

Sasa fungueni Biblia. Paulo naye alikuwa safarini, na ndani ya chombo walikuwa watu 276. Tufani ikawapeleka siku 14 baharini, hata merikebu ikavunjika kwenye kisiwa cha Melita, ambacho leo ni Malta. Wenyeji wa kisiwa hawakuwa wa imani ya Paulo. Ndio waliowasha moto, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwa kali, wakawakaribisha wote. Luka hakulisahau jambo hilo, akaliandika.

Nyoka akatoka kwenye kuni akamng'ata Paulo mkononi. Papo hapo hukumu ikatolewa: mtu huyu bila shaka ni mwuaji, kaponea baharini lakini haki haikumwacha. Walipoona hadhuriki wakageuka, wakasema ni mungu. Walikosea mara zote mbili. Wema wao kwa wageni ulikuwa wa kweli, lakini kipimo chao cha balaa kilikuwa kibovu, na kipimo hicho ndicho ninachokisikia hapa kwetu wiki hii. Mvua ya vuli si hukumu juu ya mtu. Sukari kushuka si ushahidi wa dhambi wala wa imani haba. Mama yetu hakuiharibu safari. Kwa saa zile yeye ndiye aliyekuwa safari yenyewe, na kazi aliyotupa Mungu siku ile ilikuwa kumtunza.

Angalieni pia baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, alivyokuwa kitandani kwa homa na kuhara. Paulo hakuuliza amemkosea nani. Aliingia, akaomba, akamwekea mikono.

Jambo jingine liko mwanzoni mwa habari hii. Paulo aliwaonya wasing'oe nanga, kwa kuwa majira ya kusafiri yalikuwa yamepita. Akida akamwamini nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Kusikiliza hali ya hewa, basi, si upungufu wa imani. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na vyombo vya kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Kimbunga kilipofika Mafia kilikuwa kimedhoofika, na nilisikia watu wakisema tulitishwa bure. Hapana. Aliyebaki bandarini salama hajapoteza kitu.

Mama huyo ameniambia kwa nini hakumweleza mtu kuhusu ugonjwa wake: aliogopa kuachwa nyumbani. Hofu hiyo ni deni letu sisi usharika wote, maana tumewazoesha wagonjwa kujificha ili wakubalike miongoni mwetu.

Wanaomnong'ona, nawasihi mwacheni, kisha mwende mkamsalimie kwake. Jumapili ijayo baada ya ibada tutapanga siku ya kwenda Kisarawe kuwashukuru mzee na bibi. Atakayekwenda aandikishe jina kwa katibu wa usharika, na mwenye kisukari, pumu au presha amweleze muuguzi wetu kabla gari halijaondoka. Hataachwa.